Kaye ya namba: miezi 14 ya loto yangu hapa Goma

Mimi niko na kabini ya unite, salio la simu, na ya kutuma pesa kwa simu hapa Majengo. Parasoli moja, meza moja, kiti cha plastiki chenye mguu umefungwa na mpira. Hatua kama ishirini toka pale ninapokaa kuna nyumba ya pari, ya kubeti, jina lake naliacha, sababu hakuna mtu wa mule aliyenikamata mkono kuniingiza. Kila siku naona vile watu wanaingia na vile wanatoka. Anayeingia anatembea mbio. Anayetoka anasimama kwanza mlangoni, anaangalia fishi yake, ile tiketi ya kuchezea, mara ya mwisho kama vile karatasi itabadilisha mawazo, halafu anaipasua. Hapa kwetu udongo ni mweusi wa volkano, kwa hiyo vile vipande vyeupe mbele ya mlango unaviona hata ukiwa mbali.

Ungesema mtu anayeona vile asubuhi mpaka jioni ataogopa. Mimi nilijiona mjanja. Nilisema hawa vijana wanacheza ovyo, huyu anaweka tarehe aliyozaliwa, huyu namba ya plake ya pikipiki yake, mwingine namba aliyoota usiku, mimi nitafanya kazi, mimi nitaandika. Mwanzo wa 2022 nikanunua kaye kubwa ya kurasa 200 na biki mbili, nyeusi na nyekundu, nikaanza.

Mchezo wenyewe ni ule wa namba 5 kati ya 90. Ulitoka Italia zamani sana, siku hizi unachezwa sehemu nyingi za Afrika. Pale jirani walikuwa na tiraji moja kwa siku, yaani kuchota mipira mitano yenye namba, Jumatatu mpaka Jumamosi, na ukitaja namba mbili, zote mbili zikaanguka ndani ya zile tano, wanakulipa mara 240 ya pesa uliyoweka. Unaweka 500, unachukua 120,000. Kwa mtu wa kabini, mwenye kukula franka mia mbili hapa na mia tatu pale, ile hesabu inaingia kichwani haraka sana.

Kila jioni naandika tarehe na namba tano. Kwa kurasa za nyuma nikapanga 1 mpaka 90, na kila namba ikianguka naiongezea kijiti, vijiti vinne na cha tano kinapita katikati. Zenye vijiti vingi nikaziita za moto. Zile ambazo hazijaonekana siku nyingi nilikuwa nazizungushia na biki nyekundu, nikaziita zilizochelewa. Mteja anasimama mbele yangu anataka unite ya 500, mimi niko nahesabu vijiti, mpaka Mama Neema akipita toka sokoni ananiambia, Baba Neema, mtu anakungoja toka saa ile wewe uko wapi? Niko kazini, namjibu. Na kweli nilikuwa naamini niko kazini, njo ubaya wake ulikuwa pale.

Mwezi wa pili nikakula. Namba mbili za moto, 14 na 62, zikaanguka pamoja, 120,000. Nilinunua kuku mzima, nikanywa Primus tatu na shemeji yangu, nikamfungulia kaye pale mezani kati ya mifupa ya kuku, nikamwonyesha vile nilizijua. Kama ningepoteza mwaka wa kwanza mzima bila kukula hata mara moja, nafikiri ningeacha mapema. Ile mara moja njo ilinifunga, juu sikusema nimebahatika, nilisema kaye imeongea.

Sasa nifike kwa 37.

Namba 37 haikuonekana tiraji 58. Niliihesabu mara tatu. Nikasema haiwezekani, mipira iko 90, kila siku inatoka mitano, hii lazima ije wiki hii. Kulikuwa pia na njia ya kucheza namba moja tu, wanalipa kidogo lakini inakuja rahisi zaidi. Nikaweka 2,000. Ikaungua. Kesho yake 4,000, ili ikija irudishe na ya jana. Ikaungua. 8,000. 16,000. Mpaka hapo ilikuwa pesa yangu ya mfukoni. Siku ya tano nikaweka 32,000 na siku ya sita 64,000, na zile hazikuwa zangu, zilikuwa za sanduku la kabini, pesa taslimu ambayo watu wanakuja kutoa pale simu yao inapopokea. Jumla 126,000 kwa siku sita. Siku ya saba ningehitaji 128,000 na sanduku halikuwa tena na kiasi hicho.

Asubuhi ya siku ile ile mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaja kutoa 180,000 za minervali, ada ya shule. Kwenye sanduku kulikuwa 90,000 na kitu. Nikamwambia rezo ya simu iko chini mama, rudi saa sita. Saa sita akarudi. Bado mama, rezo. Saa tisa akarudi tena, na safari hii alikuja na mtoto mwenye unifomu, wamemrudisha nyumbani juu ya deni, na hapo hapo kijana akasimama pembeni yake akanunua unite ya Airtel ikaingia palepale, simu ikalia tii, na mama akaniangalia. Hakunitukana. Alivuta kile kigoda changu cha wateja akakaa, akaweka mfuko wake kwa magoti, akangoja. Nilivuka barabara kukopa kwa mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, nikarudi na noti zenye harufu ya samaki, nikahesabu moja moja mbele ya yule mtoto. Tangu siku ile yule mama anatoaka pesa kabini ya ng'ambo. Ananisalimia vizuri tu, lakini anatoaka ng'ambo.

37 ilikuja wiki tatu baadaye, Jumamosi. Sikuwa na hata mia tano juu yake. Na cha kuchekesha, niliruka juu kwa furaha kama mtu aliyekula.

Aliyenitoa usingizini ni mwalimu mmoja wa hesabu wa sekondari, hapa tunamwita prof, ananunuaka unite ya 1,000 kila jioni. Siku moja kuranti imekatika, mvua inapiga, tumebanana chini ya parasoli, akaona kaye akaiomba. Nilidhani atanipongeza. Alifungua kurasa kama kumi kimya kimya na tochi ya simu, halafu akauliza:

"Baba Neema, pesa iko kolone gani?"

Pesa gani?

"Uliyoweka na uliyochukua. Umeandika kila kitu cha mipira, cha kwako hakuna hata kimoja."

Akachora mstari na biki yangu nyekundu pembeni ya ukurasa, akasema anza hapo. Sasa kukumbuka haikuwa ngumu, mimi nilikuwa na utaratibu, fishi nne za 500 kila siku ya tiraji, bila kukosa, hata siku ya maziko ya baba mkwe nilimtuma mtoto. Tiraji 364 kwa miezi 14. Fishi 1,456. Pesa niliyoweka 728,000. Nilikula mara tatu, 360,000. Ondoa. Ongeza 126,000 za 37. Ilikuwa 494,000 zimeenda, kwa to ya kubadilisha pesa ya wakati ule ni dola 230 na kitu, na mimi ungeniuliza asubuhi ile ningekuapia kwamba niko karibu na sawa kwa sawa, labda nimepoteza kidogo. Zile mara tatu nilizikumbuka kila moja na tarehe yake na nguo niliyovaa. Zile 1,453 zilizoungua sikukumbuka hata moja.

Halafu prof akaniwekea hesabu ambayo sijaisahau. Namba yako ya kwanza kuwa ndani ya tano, ni 5 kwa 90. Ya pili nayo kuwa ndani, zimebaki nafasi 4 kwa mipira 89. Zidisha, unapata mara moja kwa fishi 400 na kidogo. Nyumba inalipa 240. Kwa hiyo kwa fishi 400 za 500 unaweka 200,000, unatarajia kurudishiwa 120,000, na 80,000 zinabaki kule ndani kulipa televisheni, mlinzi na jenereta. Sasa chukua fishi zako 1,456, gawanya kwa 400, akasema. Nikagawanya kwa simu, 3.6. Nimekula mara 3. Yaani macho mekundu ya miezi 14, vijiti, biki mbili mpaka tano, vyote vilinifikisha mahali pale pale ambapo mtoto mdogo anayechota karatasi kwenye kofia angefika.

Nilibisha! Nikamwambia lakini prof namba za moto zipo, ona 62, imeanguka mara 31 na kuna nyingine imeanguka mara 11 tu, utaniambia hizo ni sawa? Hakukasirika. Akasema gawa kaye katikati. Chukua tiraji 182 za kwanza, tafuta namba kumi zilizoanguka zaidi, halafu angalia zilifanya nini kwenye 182 za nyuma. Kila namba kwa tiraji 182 inatakiwa kuanguka kama mara 10, kwa hiyo kumi pamoja ni 101 hivi. Kama moto ni wa kweli zitapita hapo mbali. Nilifanya ile kazi siku mbili. Zile kumi za moto, kwenye nusu ya pili, zilianguka mara 98. Zilipoa zenyewe. Nilirudia na kumi za baridi, zikafika 103. Mtu yeyote mwenye kaye ya matokeo anaweza kufanya hiki kipimo kwa biki tu, na nafikiri hii njo kazi nzuri kabisa ya matokeo ya zamani kuliko zote nilizowahi kuyapa.

Na zilizochelewa? Hapa ndipo niliona nilivyokuwa mjinga kwa 37. Namba moja kukosekana tiraji 60 inaonekana ajabu, ni kama mara 3 kwa 100. Lakini mipira iko 90. Fungua kaye siku yoyote ukipenda, mwezi wa tano, mwezi wa tisa, wa kumi na mbili, utakuta mbili au tatu ziko katika hali hiyo. Kwa hiyo siku yoyote nitakayokaa na biki nyekundu kutafuta aliyechelewa, nitampata. Na ile ya kuongeza mara mbili kila siku, kwa siku sita, watu kumi wakiifanya saba wanakauka. Saba! Mimi nilidhani niko kwenye wale watatu sababu niko na kaye.

Waitaliani wenye mchezo wao wameumia kwa hilo hilo kuliko sisi. Kwenye tiraji ya Venezia, namba 53 ilipotea toka 2003, tiraji 182, mpaka tarehe 9/2/2005. Nchi nzima ikawa inaifuata 53. Watu walikopa, wakaweka akiba za familia, wengine waliingia deni mpaka wakajiua. Niliposoma ile kwenye simu nilikumbuka noti za harufu ya samaki, nikajiona nimepona na kidogo sana.

Hapa Goma kubisha juu ya hii ni ngumu, na najua sababu. Sisi tumelelewa na Nyiragongo. Ilitoka 1977, ikatoka 2002, ikatoka 2021, na kwenye kila kilio na kila harusi utamkuta mzee mmoja anafanya hesabu, miaka 25, halafu 19, kwa hiyo itakayofuata ni mwaka fulani. Basi mtu aliyezoea kupima mlima kwa miaka yake atapima na mipira. Nilimwambia prof hivyo, akacheka, halafu akanyamaza, akasema tofauti ni kwamba chini ya mlima kuna kitu kinajaa. Kuna moto unaopanda, ardhi inatikisika, watu wa Observatwari, wanaochunguza volkano, wanausikiliza na vyombo. Hesabu ya yule mzee ni mbovu, milipuko mitatu tu haitoshi kupima kitu, lakini mlima wenyewe unabeba jana yake tumboni. Mpira wa plastiki hakuna kinachojaa ndani yake. Wakishairudisha kwenye mashine, 37 haijui kama ilikosekana siku moja au mwaka.

Nitapita haraka kwa wale wa WhatsApp, ingawa na wao walikula dola 5 zangu. Jamaa anakuandikia ana namba mbili za uhakika, lipa kwanza, na kwenye grupu kuna picha za watu wameshika noti wanamshukuru. Ushuhuda ule unaweza kuwa wa kweli kabisa! Kwa namba 90 kuna jozi 4,005, na kila tiraji jozi 10 zinashinda. Jamaa akigawa jozi tofauti kwa watu 4,005, kila jioni kumi watamlilia kwa furaha na wengine 3,995 watanyamaza kwa aibu kama mimi nilivyonyamaza.

Kuna mambo mawili ya matokeo ya zamani ambayo bado nayaheshimu. La kwanza ni kuhakikisha tu: naangalia matokeo yaliyotangazwa na loto yenyewe, sio ubao wa nyumba ya pari wala mdomo wa mtu, na fishi naiweka mpaka nimelinganisha. La pili ni la zile loto kubwa za jakpoti ambapo walioshinda wanagawana. Pale namba zinazopendwa na wengi hazikupunguzii nafasi ya kushinda, zinakupunguzia mkate. Afrika Kusini tarehe 1/12/2020 zilianguka 5, 6, 7, 8, 9 na mpira wa ziada 10. Watu wakapiga kelele kwamba ni wizi, lakini watu 20 walikuwa wamezicheza, wakagawana, kila mmoja randi milioni 5.7 badala ya mmoja kuchukua milioni 114. Bulgaria nayo, Septemba 2009, namba sita zile zile za tarehe 6 zilirudi tarehe 10, na mara ya pili watu 18 walikuwa wamezicheza, maana kuna watu hawachoki kurudia matokeo ya jana. Serikali ikafanya uchunguzi, ikakuta ni bahati tu. Kwa hiyo kama unacheza ya kugawana, kimbia tarehe za kuzaliwa, yaani 1 mpaka 31, na kimbia namba zilizofuatana na zilizotoka jana. Kwa mchezo wangu wa kulipwa mara 240 hilo halibadilishi kitu, na nawaambia hivyo vijana wanaokuja na kaye zao kuniuliza, maana siku hizi wananiita mtaalamu, jina baya sana kwa mtu aliyepoteza dola 230.

Sijaacha kabisa, sitaki kudanganya. Nacheza fishi moja ya 500 Jumamosi, naitoa kwenye pesa ya bia sio kwenye sanduku, na naiandika kwenye kolone nyekundu kabla sijavuka barabara, imeandikwa kama imeshaungua. Sanduku la kabini ufunguo uko kwa Mama Neema. Nikipoteza siendi kuitafuta, na nikikopwa hata mia na mtu anayeelekea kule mlangoni simpi, wengine wamenikasirikia. Kaye yenyewe Mama Neema aliigeuza, kurasa za nyuma anaandika likelemba yao, mchango wa zamu, ya wamama kumi na wawili, zamu ya nani na nani hajalipa.

Namba ananichagulia Neema, ana miaka saba. Tulikata karatasi 90, tukaziweka kwenye sufuria, anafumba macho anachota mbili. Jumamosi iliyopita alichota 8, halafu akachota 37. Nikamwambia hiyo rudisha, chota nyingine.

Mama Neema alikuwa anachambua sombe mlangoni, hakuinua hata kichwa. "Mipira si haina kumbukumbu? Au leo imepata?"

Nikaandika 8 na 37.